Nati Kumi na Sita

Msimu ule pamba ilianza kupita mlangoni kwetu bila kuingia. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na malori yao yaliipakia huko huko vijijini, Migato na kwingineko, yakaenda kuichambulia kwenye viwanda vingine. Jineri yetu ya ushirika pale Bariadi ilifanya kazi wiki mbili, ikasimama tatu. Mimi nilikuwa mkerezaji wa karakana, mwanamke pekee kati ya mafundi. Kazi yangu ilikuwa kuchonga shafti na bushi za mitambo ya kuchambulia. Mtambo usiozunguka haumalizi bushi, kwa hiyo msimamizi wetu, mtu mkimya aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, alituruhusu kupokea kazi za watu wa nje: ekseli za matela, majembe ya ng'ombe, vipuri vya mashine za kusaga.

Ndipo akaja Daktari. Alikuwa mganga msaidizi mstaafu wa zahanati, lakini mji mzima ulimwita Daktari, naye aliitika.

"Mwangaluka," alinisalimu, akashusha gunia sakafuni.

"Mwangaluka, baba."

Alitoa kwenye gunia rimu ya alumini, mtumba wa Japani, nyepesi kuliko ilivyoonekana. Vitu vya namna hiyo vilikuwa vimeanza kujaa Mwanza. Miaka michache nyuma usingepata hata nati.

"Nimenunua nne na tairi zake," alisema. "Zina mashimo manne, na gari langu lina boliti nne kila gurudumu. Haziingii."

Gari lake tulilijua wote. Lilikuwa gari la spoti la Kiingereza, la viti viwili, fupi, limelala karibu na ardhi, paa lake turubai. Rangi yake ilikuwa nyekundu zamani. Sasa ilifanana na tofali. Alilipata kwa Mhindi mwenye jineri aliyekuwa anahama nchi, wakabadilishana kwa ng'ombe. Tairi zake nyembamba zilipokwisha, nyingine za saizi ile hazikupatikana, na gari likakaa juu ya mawe uani kwake miaka kumi na zaidi. Mke wake alikuwa akiokota mayai kwenye kiti cha abiria.

Nilikwenda kupima. Kwenye gari, kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya boliti iliyo mkabala nayo, nilipata inchi nne. Kwenye rimu nilipata inchi nne na nusu.

"Nusu inchi tu?" aliuliza.

"Nusu inchi kwenye tairi ni nyingi, baba."

Msimamizi alisema njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoboa upya habu, yaani kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na kuhamishia boliti kwenye duara kubwa zaidi. Ya pili ni kuchonga bamba nene la chuma, likafungwa kwenye habu kwa boliti za zamani, kisha bamba lenyewe likawa na boliti nyingine za kubeba rimu mpya. Daktari hakutaka kusikia habari ya kutoboa.

"Gari lile usilitoboe," aliniambia. "Limetoka kwao likiwa hivyo."

Nikachonga mabamba manne kutoka kwenye flanji kuukuu ya jineri. Nilichora duara kwa kompasi, nikaligawa, nikatia alama kwa panchi, nikatoboa na kukata nyuzi za kushika boliti. Ilikuwa kazi safi. Hata leo nikiifikiria sioni kosa kwenye mabamba yale.

Kosa lilikuwa kwenye nati. Mashimo ya rimu zile yalikuwa na mdomo wa koni, na nati inayokaa humo lazima nayo iwe na kichwa cha koni, ili inapokazwa ijizamishe katikati na kushika. Stoo tulikuwa na nati bapa tu za nyuzi zile. Chuoni nilifundishwa tofauti yake. Mwalimu alitupitishia nati zote mbili mkononi tukiwa tumefumba macho. Nilizitazama zile bapa, nikatia washa chini yake, nikakaza kwa spana ndefu hadi mkono ukauma. Nikajiambia kilichokazwa hivi hakitoki.

"Nati umeziangalia?" msimamizi aliuliza kutoka mezani kwake.

"Nimeziangalia," nilijibu. Ulikuwa ukweli, kwa maana niliziangalia.

Gari lilizunguka uwanja wa jineri mara tatu. Makarani walitoka ofisini, akina mama waliokuwa wanachagua mbegu wakapiga vigelegele. Daktari alivaa kofia ya pama na hakucheka hata kidogo. Alishika usukani kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alimpandisha mke wake kwenda Kalemela, mbele ya Lamadi, kwa dada yake. Hawakufika. Kilomita chache kabla ya Lamadi gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka. Lilitangulia mbele yao barabarani, Daktari alieleza baadaye, likaingia kwenye majaruba ya mpunga na kuendelea kwa muda kabla ya kulala. Gari likaburuza habu kwenye changarawe na kuyumba kulia na kushoto. Halikupinduka. Mke wake alijizuia kwa mkono wa kulia, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Walirudi Bariadi na lori la samaki, gari limefungwa kamba nyuma ya matenga.

Jumatatu nililikuta karakana. Watu walikuwa wamekwisha kupata sababu. Mafundi wenzangu walisema alumini ya mtumba ni kama udongo. Mlinzi alisema biashara huria imetuletea takataka za watu. Daktari mwenyewe alisema ni barabara, ile changarawe imekaa kama mbao za kufulia. Sikuulizwa na mtu. Niliinama kwenye rimu iliyochomoka nikaona mashimo yametafunwa, yamekuwa mviringo wa yai. Nikafungua rimu ya upande wa pili. Nayo ilikuwa imeanza. Niliifunga tena nikarudi kwenye mashine yangu. Siku mbili nilichonga vitu vya watu na sikusema neno.

Siku ya tatu alasiri alikuja mke wa Daktari. Alikuwa mama mrefu, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kitenge.

"Mwadila," alinisalimu.

"Mwadila, mama. Pole sana."

Hakuipokea pole. Aliketi kwenye sanduku la vyuma vilivyokatwa.

"Wanaume wameniambia barabara. Wengine wameniambia Wajapani. Barabara ile nimeipita maisha yangu yote. Nimekuja kukuuliza wewe uliyefunga."

Mashine ilikuwa inazunguka. Niliizima.

"Ni nati, mama. Nilitia zisizo zake. Nilijua si zake."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilidhani nikizikaza sana zitashika."

Alinitazama jinsi walimu wanavyomtazama mtoto aliyekwisha kukiri, wakipima kama kuna kilichobaki. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yetu na amesikia.

"Mume wangu umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie leo. Halafu utalitengeneza. Na siku ya kulijaribu hadi Lamadi, kwenye kiti changu utakaa wewe."

Jioni ile nilikwenda kwa Daktari. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Angenifokea, ningeona ni haki. Alisema tu kwamba katika kazi yake aliwahi kumchoma mgonjwa mmoja sindano iliyokuwa ya mwingine, na mgonjwa akapona, na kwa hiyo hakuna aliyejua.

"Safari hii ufanye ile njia ya kwanza," alisema. "Toboa."

Habu zilikuwa na nyama ya kutosha. Nilizungusha mgawanyo ili mashimo mapya yaangukie kati ya yale ya zamani, kwenye duara la inchi nne na nusu, nikasukumiza boliti mpya kwa presi. Mabamba niliyaweka kando. Kiungo kikipungua kimoja, na cha kulegea kimepungua. Rimu mbili zilizotafunwa Daktari alizipatia mbadala Mwanza. Nati za koni hazikupatikana huko, kwa hiyo nilizichonga mwenyewe, moja moja, digrii sitini. Kila moja niliipaka masizi, nikaikaza kwenye shimo lake, nikaifungua nione kama masizi yamehamia duara zima. Tano nilizitupa. Zilipofika kumi na sita nilizipeleka kwa msimamizi bila kuulizwa. Alizigeuza zote, akanirudishia.

Tuliondoka asubuhi, Daktari na mimi. Kiti cha abiria kilikuwa chini mno; barabara niliiona ikiwa usawa wa magoti yangu. Kila baada ya muda nilimwomba asimame, nikashuka na spana, nikazunguka magurudumu manne. Wachunga ng'ombe walituuliza kama tumeharibikiwa. Mara mbili za mwanzo nati zilikubali kusogea kidogo, kama inavyotarajiwa. Baada ya hapo hazikusogea. Nilikuwa na hofu, lakini ilikuwa hofu ya kazi, yenye spana mkononi. Tulipopita pale ajali ilipotokea, Daktari alionyesha majaruba kwa kidevu bila kupunguza mwendo. Lamadi tulikula sato, tukanawa, tukageuza.

Mke wake alipanda mwezi uliofuata, plasta ilipotolewa, wakafika Kalemela na kurudi. Mkono wake haukunyooka sawasawa. Hakuweza tena kusonga ugali wa watu wengi, na akizungumza alikuwa na tabia ya kuushika kwa mkono wa pili. Hakunisema popote. Hakunisamehe kwa maneno pia, na sikuona kwamba namdai msamaha.

Gari lilikaa nao hadi Daktari alipoanza kuona vibaya. Likanunuliwa na mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi, ambaye nilisikia alilipaka rangi ya kijani. Jineri yetu iliendelea kufunguliwa na kufungwa misimu kadhaa, kisha tukapewa barua zetu za kuachishwa kazi siku moja, sote, katika bahasha za kaki. Mashine ya kukereza ilifungwa mnyororo, ikainuliwa, ikapakiwa kwenye lori la mnunuzi kutoka Mwanza. Ilichukua watu tisa. Msimamizi aliwaelekeza pa kushika.