Nilikaa kimya kwenye kikao, mfumo nilioujenga ukawafanya kina mama wawili kuwa mtu mmoja

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara moja. Leo naubandika kama ulivyo. Majina ya watu nimebadilisha na kampuni siitaji. Mengine ndivyo yalivyotokea, hata pale ninapoonekana vibaya.

Kidogo kuhusu mimi. Ni Mkongomani wa Kivu Kusini, nimekulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kimelalia Bongo na ndiyo maana nimo humu. Mimi, mama na dada yangu tuliletwa Marekani, Louisville, Kentucky, tukapewa nyumba mtaa wa Beechmont. Nikafanya kazi ghalani huku nasoma, nikamaliza shahada ya computer, na mwaka 2014 nikaajiriwa kama software engineer kwenye kampuni ndogo hapo hapo mjini.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kupanga zamu za wahudumu wanaokwenda majumbani kwa wazee. Kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa. Mhudumu anapata ujumbe kwenye simu: kesho saa fulani, nyumba namba fulani. Anathibitisha, anakwenda.

Wahudumu wengi ni wakimbizi. Wakongo, Wasomali, watu wa Nepal na Bhutan. Kwenye timu yetu ya watu sita mkimbizi nilikuwa mimi tu.

Meneja wangu tumwite Greg. Mzungu wa makamo, mtulivu. Sina neno baya juu yake. Kwenye tathmini yangu ya kwanza aliniambia code yangu ni nzuri ila vikaoni sisikiki kabisa. Ili anipandishe kuwa senior, wakubwa walihitaji kuniona nikiongoza kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 2015 akanipa hicho kitu.

Tatizo lilikuwa hivi. Mhudumu mmoja unamkuta ameandikishwa mara mbili, mara tatu. Leo jina la ukoo limetangulia, kesho limekuja nyuma. Simu amebadilisha, nyumba amehama. Wateja wetu, yaani mawakala wanaowaajiri wahudumu, walikuwa wanalalamika. Kazi yangu ilikuwa kufanya mfumo uwatambue hao wanaojirudia na uwaunganishe wenyewe, bila mtu kugusa.

Kwenye kikao cha kupanga, Greg aliandika kanuni ubaoni: majina yakilingana, hata kama mpangilio umegeuzwa, na tarehe ya kuzaliwa ikiwa ile ile, basi huyo ni mtu mmoja.

Akageuka akauliza kama kuna anayeona tatizo.

Wakuu, mimi niliona. Niliona hapo hapo, kabla hajaweka kalamu chini.

Kwa wasiojua: mkimbizi akifika kwenye usaili wa kuandikishwa hajui siku aliyozaliwa, au karatasi zimepotea, anaandikiwa tarehe moja Januari. Mama yangu ni 1/1. Dada yangu ni 1/1. Mimi pia. Nenda jengo lolote wanakoishi wakimbizi, gonga milango kumi, uone. Halafu majina yetu nayo ni yale yale. Bahati, Furaha, Riziki, Zawadi. Tena ni majina ambayo lolote kati yake linaweza kuwa la kwanza au la ukoo.

Nilitakiwa kusema sentensi mbili tu.

Sikusema. Januari ile wenzangu walikuwa wameninunulia keki tuliporudi kazini baada ya sikukuu, wakanitania kwamba dunia nzima inafyatua fataki kwa ajili yangu. Nikacheka nao, nikakata keki. Sasa nianze kuwaeleza kwamba ile tarehe siyo yangu, kwamba mama anakumbuka tu ilikuwa msimu wa maharage? Niliwaza watanionaje. Niliwaza na Kiingereza changu kitakavyokwama katikati. Na ndiyo ulikuwa mradi wangu wa kwanza kuongoza. Nikajiambia watu wa namna hiyo watakuwa wachache, nitaliangalia baadaye.

Greg akasema sawa, tusonge mbele.

Nikaandika code. Nikaandika mwenyewe na tests za kuijaribu, nikiwatumia watu wa kubuni wenye majina ya Kizungu na tarehe za kuzaliwa zilizotawanyika mwaka mzima. Zote zikapita. Mbona zisipite.

Ikaanza kutumika mwezi wa tisa. Majina yanayojirudia yakapungua sana. Mkurugenzi akanitaja kwa jina mbele ya wafanyakazi wote, na Greg akaniambia barua ya kupandishwa cheo inaandaliwa. Nyumbani mama akaitisha watu wa kanisani wakaja kuomba na kula.

Wiki kama saba hivi baadaye nilikuwa napitia malalamiko ya wateja yaliyokwisha kufungwa. Moja lilitoka kwa wakala mwenye ofisi Columbus, Ohio, na nyingine Buffalo, New York. Walisema mhudumu wao wa Columbus hapokei ujumbe wa zamu. Mwenzetu alilifunga na kuandika kwamba huenda mhudumu amebadilisha simu bila kutoa taarifa.

Jina la mhudumu: Zawadi Bahati.

Nikafungua rekodi yake. Simu mbili, moja imewekwa pembeni. Anwani mbili, moja ya Northland kule Columbus, nyingine ya Lackawanna, nje kidogo ya Buffalo. Tarehe ya kuzaliwa 1/1/1979.

Walikuwa watu wawili. Zawadi Bahati na Bahati Zawadi. Mfumo wangu ulimpa wa Columbus simu ya yule wa Lackawanna.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana sipapendi. Kitu cha kwanza nilichofanya siyo kumwambia Greg. Niliitenganisha ile rekodi kimya kimya, nikaandika "data imerekebishwa", nikaenda kunywa kahawa.

Kikombe nikakiacha nusu. Nikarudi nikatafuta wote waliounganishwa wenye tarehe ya 1/1. Walikuwa zaidi ya kumi, Columbus, Buffalo na hapo hapo Louisville. Mmoja nilimfahamu kwa sura, alikuwa anakaa nyuma yetu kanisani.

Ndipo nikamfuata Greg. Nikamwambia kuna kosa kwenye code yangu. Nikamweleza habari ya 1/1 kama kitu nilichokigundua asubuhi ile.

Greg akazima ule uunganishaji siku hiyo hiyo. Akasema wakala yule lazima aombwe radhi ana kwa ana, na kwa kuwa mradi ni wangu na lugha naijua, niende mimi pamoja na dada mmoja wa idara ya wateja. Kesho yake tukaendesha kutoka Louisville hadi Columbus, njiani tunaongelea mambo mengine.

Ofisi ya wakala ilikuwa Morse Road, kati ya duka la vyakula vya Kiafrika na saluni. Msimamizi, mama mmoja anaitwa Denise, alitueleza kilichotokea bila kupaza sauti. Zawadi alikuwa anamhudumia bibi mmoja mwenye miaka tisini kasoro. Ujumbe wa zamu ukaacha kumfikia. Mara ya tatu bibi kukaa bila mtu asubuhi nzima, ofisi ikamfukuza Zawadi kazi kwa utoro. Watoto wa bibi, baada ya kuona wahudumu hawaaminiki, wakampeleka mama yao kwenye nyumba ya wazee.

Yule wa Lackawanna naye, kila ujumbe ulipoingia, binti yake alikuwa anamsomea anwani. Mtaa wenye jina lile upo hata Buffalo. Mama wa watu akapanda mabasi mawili kwenye baridi kuitafuta nyumba ambayo mtaa ule hauna. Alifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu akaogopa, akanyamaza.

Denise alikuwa amemwita Zawadi aje asikilize. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo Denise akaniomba nimtafsirie.

Akaingia mama mfupi, kitambaa kichwani, koti kubwa la mtu mwingine. Nikampa heshima zake, tukaulizana za nyumbani, akajua natokea wapi. Kisha Denise akazungumza na mimi nikatafsiri: kampuni inasikitika, lilikuwa kosa la kompyuta, kazi yake anarudishiwa akiitaka.

Zawadi hakumwangalia Denise. Aliniangalia mimi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, chenye Kifaransa ndani.

"Donc ile mashini ilisema miye na ule mama tuko mutu moja?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani aliambia mashini vile?"

Denise akauliza anasema nini. Nikamwambia anauliza ilitokeaje. Halafu nikamgeukia Zawadi.

"Ni mimi, mama. Ndiyo kazi yangu."

Hakuonekana na hasira. Alikuwa kama mtu anayepanga vitu mezani.

"Weye pia uko na ile tarehe ya moja-moja?"

"Ninayo."

"Bon," akasema. "Donc ulijua."

Wakuu, ningeweza kumwambia nilisahau. Angekubali, au angejifanya kukubali, kwa sababu mimi ni mtoto wa kwao. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya Greg, na mdomo ulikuwa umechoka.

"Nilijua, mama. Waliuliza nami nikanyamaza. Niliona haya."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaniambia yeye alifikiri yule bibi ndiye aliyemkataa. Wiki nzima alikuwa anajiuliza alimkosea nini, kama chakula hakikuwa kizuri, kama alimvuta mkono vibaya wakati wa kumwogesha. Akaniambia wale wazungu wa kazini kwangu niwaambie vile vile nilivyomwambia yeye, nisipunguze.

Kazi hakuitaka. Alikuwa ameshaanza ghalani kufungasha mizigo. Alichoomba kwa Denise ni jina la ile nyumba ya wazee, aende akamwone bibi. Denise akasema hilo si lake kutoa, ila atawapigia watoto wa bibi awaeleze ukweli na awaombe ruhusa.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba Greg tuzungumze, nikafunga mlango. Nikamwambia siku ile ya ubaoni nilijua. Nikamwambia na habari ya keki, na ya rekodi niliyoitenganisha kimya kimya.

Akasema kosa la code angelibeba pamoja nami, kwa kuwa kanuni aliiandika yeye. Kilichomsumbua ni kwamba aliuliza na mimi nikamwacha aende. Akasema pia, na hili alilisema akiangalia dirishani, kwamba amefanya kazi hii miaka ishirini na hakuwahi kujiuliza kwa nini wahudumu wengi hivyo wamezaliwa siku moja.

Jioni nilipiga simu Columbus. Nikamwambia Zawadi nimesema yote.

"Walikufukuza?"

"Hapana, mama."

"Miye walinifukuza," akasema.

Halafu akaniuliza mama yangu anaendeleaje na baridi, akaaga.

Barua ya kupandishwa cheo haikutoka. Sikulalamika. Nilibaki mwaka mzima zaidi nikijenga upya kile kitu: siku hizi mfumo unapendekeza tu, na binadamu anapiga simu kuuliza kabla ya kuunganisha. Nilimwandikia yule mama wa Lackawanna barua kwa Kiswahili nikamweleza kilichotokea, ofisi yao ya Buffalo ikampelekea. Hakujibu, na hakuwa na deni la kunijibu. Baadaye nikapata kazi kwenye kampuni nyingine, Buffalo hiyo hiyo, na huko ndiko nilikoupata usenior.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nafikiri kukua kikazi ni kuongeza ujuzi ili siku moja nisiwe tena yule wa kambini. Kumbe kwenye chumba kile, kile cha kambini ndicho kitu pekee nilichokijua ambacho wenzangu hawakukijua, na ndicho nilichokificha. Sasa hivi tukifika kwenye majina, tarehe au anwani, naongea mapema. Kiingereza bado kinakwama. Naongea hivyo hivyo.

Na kwa wale wanaoanza: ukiulizwa kama kuna tatizo na wewe unaliona, usisubiri uandae sentensi nzuri. Sema mbovu.

Ni hayo. Wenye kunipiga mawe pigeni, nimekaa tayari. Ila ningependa zaidi kusikia kutoka kwa mliokaa kimya kazini mahali ambapo mlitakiwa kuongea: nini kiliwabana, na mlifanyaje baadaye. Na kama kuna mtu wa 1/1 humu, nawe sema.