Shairi la kumlilia Mathe

Rébecca wa Butembo ana tabia moja ambayo mume wake Kamate ameshaichoka: hawezi kusikia habari bila kuitafutia mistari. Bei ya viazi ikipanda, anatunga. Umeme ukikatika, anatunga. Kila Jumapili mchana husoma mashairi yake katika redio moja ndogo ya mjini. Halipwi kitu, lakini ukimkatisha siku hiyo utajuta. Sokoni wanamwita "mama mashairi", wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, naye huwaitikia wote sawasawa.

Mtu mmoja tu aliacha kumwita. Kaka yake mkubwa Mathe, anayekaa mji wa Beni, katika komine ya Ruwenzori, alikuwa amemnunia tangu mwaka jana. Kisa kilikuwa shairi juu ya marehemu baba yao, mlimaji wa viazi wa Alimbongo. Rébecca alisema redioni kwamba mzee alikuwa akilewa pombe ya kasiksi mpaka analala njiani. Ilikuwa kweli, na Alimbongo nzima ilijua, lakini Mathe ni mzee wa kanisa, na kwake mambo ya nyumbani hayapandishwi kwenye antena. Alimpigia simu mara moja tu, akamwambia amemvua baba nguo mbele ya watu, akakata. Toka hapo, Rébecca akipiga, anayepokea ni Kaswera, mke wa Mathe, na Mathe mwenyewe daima "ametoka kidogo".

Basi asubuhi moja Rébecca alikuwa akichambua maharagwe, redio ikitoa habari za Beni, zile zile: nyumba zimechomwa pembeni ya mji, watu wamekimbia, waliokufa bado hawajajulikana majina. Binti yake Julie, anayesoma chuo kikuu, akatoka chumbani na simu mkononi, uso umembadilika.

— Mama, ona statut ya Elsa.

Elsa ni binti wa Mathe, anafanya kazi Kampala. Alikuwa ameweka kwenye WhatsApp picha ya baba yake, nyeusi na nyeupe, bila neno hata moja. Siku hizi, kwetu, picha ya namna hiyo haihitaji maneno. Ndugu akifariki, jamaa wote wanaweka picha yake, na msiba unakufikia mfukoni kabla mjumbe hajafika mlangoni.

Rébecca akampigia Mathe: hapatikani. Kaswera: hapatikani. Elsa: inaita, haipokelewi. Wakati huo binamu mmoja wa Lubero alikuwa ameshaichukua ile picha na kuongeza "Pumzika kwa amani, yaya", yaani kaka mkubwa. Mwingine akaongeza msalaba. Maharagwe hayajawekwa motoni, na ukoo mzima ulikuwa ukilia kwenye groupe ya familia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari imetoka kwa nani.

Rébecca alikaa sakafuni. Machozi yalikataa kutoka. Kilichomuuma ni kwamba Mathe ameondoka na hasira yake, na hakuna tena mlango wa kubisha kuomba msamaha.

Julie, kwa kutaka kusaidia, akaiomba simu yake imtungie mjomba shairi la msiba. Simu ikalitoa upesi kuliko mtu anavyopiga chafya: alikuwa mpole, mnyenyekevu, kipenzi cha wote.

— Uyu ni nani? Rébecca akauliza. Mathe, mupole? Siku gani? Zima iyo kintu!

Hasira ile ndiyo iliyomfungua. Akabonyeza pa kurekodi sauti, akasema bila kuandika. Alisema Mathe alikuwa kichwa ngumu, mkali kwa watoto, na kanisani aliimba vibaya kuliko wote. Alisema pia kwamba utotoni, njia ya shule ikiwa matope, Mathe alimbeba mgongoni huku akimtukana mwanzo mpaka mwisho. Akamaliza kwa kumwomba amsamehe, popote alipo. Akatuma kwenye groupe. Hapo ndipo alipolia, na Kamate akatoka kwenda kuazima viti.

Viti vilikuwa vimepangwa uani, majirani wawili wameshakaa wakishika mashavu, simu ilipoita. Jina lililotokea lilikuwa la Mathe. Rébecca aliogopa kuipokea, maana simu ya marehemu inaweza kupigwa na yeyote.

— Allô?

— Rébecca, nani alikuambia naimba mubaya?

Alipiga kelele, majirani wakadhani mambo yamethibitika, wakaanza kulia upya. Julie akahangaika kuwanyamazisha.

— Yaya! Uko muzima?

— Niko muzima! Courant ya umeme ilikosa, miye na Kaswera tukaacha simu zetu kwa ule mwenye anachajaka. Nafungua, nakuta batu bote bananilia. Elsa aliweka picha juu leo ni anniversaire yangu, siku nilizaliwa! Anatoka ku kazi sasa, analia kukupita.

Rébecca alicheka na machozi yakimtiririka. Akakaa kwenye kimoja cha viti vya kilio, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka nyumba ya tatu ikasikia. Kisha akakumbuka kwamba huko Beni ziko nyumba ambazo leo wanalia kweli, akaona haya kidogo kwa furaha yake.

— Na kwenu, mu quartier?

— Kwetu kumetulia. Ni ngambo ingine. Tunabaombea.

Rébecca akangoja Mathe akate. Hakukata.

— Iyi ya kwangu nilisikiliza mara mbili, Mathe akasema. Kaswera alicheka sana pale pa matope. Mais, Rébecca... ile ya baba, sikuisikia yote. Pale ulisema alikuwa analala mu njia, nilizima radio.

Mwaka mzima wa kununa, kwa shairi ambalo mtu hakulifikisha hata katikati! Rébecca alikuwa na maneno ya kumjibu, tena makali. Akayameza.

— Yaya, ulizima mapema sana.

— Basi unisomee.

Hakuhitaji karatasi. Alisoma pale pale uani, majirani wakitazamana. Alisoma jinsi baba alivyoamka wa kwanza, mwenye aibu, akapalilia sehemu ya mama kabla mama hajafika shambani. Alisoma juu ya mtoto mkubwa aliyetoka na taa kumtafuta baba njiani, akamfunika kwa koti lake la shule, akakaa pembeni yake mpaka kukapambazuka, na asubuhi akawaambia watu kwamba baba alikuwa mgonjwa.

Hapo akakatisha, akabana simu sikioni.

— Allô? Yaya, uko?

— Niko, sauti ikasema, nzito. Endelea.