Msumari Kwenye Kigutu

Mkono wangu wa kulia uliliwa na mashine ya kupasua mbao, nikapewa wa chuma, unaobana nikivuta bega. Ule mkono haukuhisi kitu. Nilivunja vikombe hadi mke wangu akawa ananipa chai kwenye kopo.

Siku lori lilipokuja Igalula kutuhamishia kijiji cha ujamaa, kaka yangu aligoma kutoka, na nyumba yenyewe ilikuwa imeshaezuliwa. Nilimtukana. Akanizaba kofi, damu ikanitoka puani. Hasira zikanipanda. Nikamshika mkono kwa kile chuma, nikavuta bega kwa nguvu zote, nikamburuta hadi kwenye lori huku akipiga mayowe. Nilidhani analilia nyumba. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika tangu mlangoni.

Mkono wake uliunga vibaya, ukapinda.

Mimi nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikaufunga kwenye vidole vya chuma, na ncha ya pili kwenye msumari uliogusa kigutu changu. Nikibana kitu, msumari unanichoma. Nikizidisha, nao unazidi. Siku niliyoshika kikombe kisivunjike, nilicheka kama mwehu, nikakimbia kumwonyesha kaka.

Hakucheka. Aliuweka mkono wake uliopinda kati ya vile vidole, akasema, "Bana."

Nikabana. Msumari ukanichoma, nikaongeza kidogo, damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikaachia.

"Siku ile hukuachia hapo, mdogo wangu," akasema, wala mkono hakuutoa.