Rafiki yangu amepewa ploti ya ziwani, mimi nimepewa kofia

Msimamizi wa kundi hili, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Riruta na mke wangu. Wengi wenu mna umri wa wanafunzi wangu, kwa hivyo mtanivumilia nikieleza polepole.

Nina rafiki, nitamwita Zakayo ingawa si jina lake. Tulitoka magharibi mwa Kenya pamoja tukiwa vijana, tukapanga chumba kimoja jijini. Yeye akafungua duka la vifaa vya ujenzi, mimi nikashika chaki. Katika mambo ya ardhi yeye hunitangulia daima. Alinunua ploti Uthiru nikiwa bado nauliza maswali, na nilipomaliza kuuliza, mshahara wa mwalimu haungeifikia tena. Nilimpongeza. Nilikula mbuzi wake. Lakini kuna kitu kilinikwama kooni siku hiyo, na hakikuwa mfupa.

Majuzi binti yake alimwonyesha dunia ya mtandaoni. Niwaeleze: ni kama mchezo wa kompyuta wenye barabara, ziwa na maduka, na watu hununua viwanja humo kwa pesa halisi, wakitumaini kukodisha au kuuza kwa faida. Zakayo alinunua siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa kwetu mtu akinunua ploti lazima watu waende kuiona, tuliitwa sebuleni kwake. Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea kompyuta, akaiombea mipaka. Tukala kuku.

Mimi nikachunguza kwanza, kama kawaida yangu. Kumaliza, bei imekuwa mara mbili. Nikaona yale ya Uthiru yanarudi. Miaka yote nimefundisha watoto kwamba watu huongezeka lakini ardhi haiongezeki, ndiyo maana bei yake haishuki. Nikatoa sehemu ya akiba ya uzeeni, nikanunua kabla haijapanda zaidi.

Mwezi haukuisha, wenye dunia ile wakaongeza mtaa mzima mpya. Kumbe huko ardhi huumbwa kwa kubonyeza! Bei ikaporomoka hadi chini ya ile aliyolipa Zakayo. Ili kuwatuliza wanunuzi wa kwanza, wakampa kila mmoja ploti ya bure kando ya ziwa. Sisi tulionunua bei ikiwa juu tukapewa kofia, ya kuvalishwa kile kikatuni kinachotuwakilisha humo.

Nilikwenda ofisini kwao mjini. Msichana wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima. "Pole, mzee wangu. Sisi hapa ni matangazo tu. Bei inapangwa na mtambo."

"Na huo mtambo una mkubwa wake?"

"Ako, lakini hayuko Kenya."

Zakayo aliposikia alicheka mpaka akafuta macho, mbele ya watu wa kanisa. "Mwalimu, kwani kofia si kitu? Si uivae uje unitembelee kwa ziwa!" Nikacheka nao. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai nafungua simu kuangalia ploti yake, si yangu. Nikikuta haina mpangaji, chai inakuwa tamu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kikundi chetu cha wazee kanisani kina akiba ya matibabu. Zakayo anataka tuiweke kwenye viwanja vya huko. Anayeleta wanunuzi huongezewa ploti, na hilo hajalificha. Wazee wamesema, "Tunangoja mwalimu. Akisema tuingie, tunaingia." Mkutano ni Jumamosi. Zakayo amekuja kuniomba: "Ndugu yangu, wewe ndiye wanakuamini. Sema neno moja tu."

La kusema nalijua. Ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuiongeza akitaka si mahali pa kuweka pesa ya dawa. Nilimsomea mke wangu hotuba hiyo jikoni. Akaacha kukata sukuma wiki, akaniuliza, "Mwalimu, na kama wangekupa ile ya ziwani, ungesema hivyo?"

Ningekuwa wa kwanza kuwaita wazee waje waione. Na nikijiona nimesimama pale Jumamosi, siwaoni wazee walioepuka hasara. Namwona Zakayo akiinamisha uso, na moyo wangu unafurahi.

Nikikiri wivu wangu kwanza, watasema ni chuki tu, wamfuate Zakayo. Nikiuficha, nitashinda, lakini nitakuwa nimemmaliza rafiki yangu huku nikijiita mkweli. Nikinyamaza, pesa ya dawa itakwenda.

Nishaurini, wanangu. Ukweli unaosukumwa na wivu bado ni wa kusemwa? Na ukisemwa, nitamtazama vipi? Nijibuni mapema, maana Zakayo amepiga simu sasa hivi. Anasema Jumamosi nisihangaike na nauli, atanipitia twende pamoja.