Alama ya Siku Saba

Polisi walimkamata kaka yangu kwa jeraha nililolichora mimi mwenyewe.

Msicheke. Niko Ouarzazate, mji wa sinema huku Moroko, na kazi yangu ni kuwaumiza watu bila kuwaumiza. Vidole vilivyokatika, makovu, damu ya sukari na rangi. Hayo ndiyo yananilisha.

Asubuhi ile alikalia kiti changu Addi. Simpendi Addi, na sikuanza leo. Alikuwa anaigiza askari aliyepigwa wiki moja iliyopita, kwa hiyo nikamchora shavuni alama ya siku saba, njano na kijani pembeni. Alama mbichi huwa nyekundu. Yeyote wa kazi hii anajua.

"Usinibonyeze, Tuda."

"Tulia. Kwa sura hiyo, nakusaidia tu."

Rangi yenyewe ni ya kutolewa kwa spiriti. Jasho haliiwezi, sabuni ndiyo kabisa.

Saa nane mchana naletewa habari kwamba Bassou, kaka yangu anayetunza farasi wa filamu, yuko kituoni. Eti Addi kapigwa ngumi muda si mrefu.

Hakimu alishamwonya Bassou kwa ugomvi wake wa zamani: ngumi moja tena, jela mwaka mzima. Na mkewe ana mimba ya miezi minane.

Nikabeba pamba na chupa ya spiriti, nikatoka mbio.

Nilimkuta Bassou kwenye benchi, mikono mfukoni.

"Sikumgusa, wallahi," akaninong'oneza.

Afande akanyanyua kichwa, akaniita kwa heshima. "Lalla, kaa kwanza nikwambie kitu."

"Sikai. Hiyo alama nimeichora mimi. Huyu nyoka katoka na rangi zangu usoni kuja kumfunga ndugu yangu."

Addi hakubisha. Akanisogezea shavu mwenyewe.

"Futa basi. Nimewaambia tangu nilipofika kwamba hii ni rangi, tumeosha na sabuni imegoma."

Nilikuwa nimewaka, hata sikujiuliza. Nikafuta kwa nguvu ili aumie. Njano ikatoka, kijani nacho kikatoka.

Chini yake palikuwa pekundu, pabichi, na katikati kialama cha pembe nne.

Pete ya marehemu baba. Bassou huivaa mkono wa kulia.

Afande akachukua karatasi iliyokuwa mezani, akaichana taratibu.

"Nilishaandika aachiwe," akasema. "Jamaa anadai ngumi ya leo, shavu linaonyesha ya wiki iliyopita. Nikajua mwongo. Ndicho nilichotaka kukwambia, ukakataa kukaa."

Bassou akanitazama kwa chuki ambayo sijaisahau.

"Nani alikutuma?"

Alitumikia mwaka wote. Mwanawe alizaliwa baba hayupo, na wifi yangu mpaka leo hapokei salamu zangu.

Hasira hasara, tunaimbiwa tangu utotoni. Mimi naongeza langu: ukiambiwa kaa kwanza, kaa. Na kabla hujaenda kumtetea ndugu yako, mwambie atoe mikono mfukoni.