Mstari Usio na Goti

Sisi tuliokulia Thika wakati mtaa wetu ulikuwa vumbi tupu, tulicheza kwenye hilo hilo vumbi. Unachomeka kijiti, unafunga kamba, unazunguka nayo. Duara limekaa sawa. Mnarusha bano, zile gololi za kioo, ndani yake mpaka mama aite mara tatu. Githeri, mahindi na maharagwe, tuliila kwa mikono michafu na hakuna aliyekufa. Siku hizi mtoto akigusa udongo anapakwa dawa.

Mimi niliachia shule darasa la tatu, na sioni aibu kuandika hivyo. Baba alikuwa seremala. Karakana yake nyuma ya nyumba ilinukia mbao za saiprasi zilizotoka tu kupigwa randa, na nilitamani kusimama kwenye ile meza yake kuliko nilivyotamani nguo ya Krismasi. Lakini Baba alikuwa na neno moja: "Wambui, randa si mwiko wa ugali. Rudi kwa mama yako."

Basi mwalimu mmoja wa Murera akaagiza kitanda cha harusi. Kichwa cha kitanda alikitaka na mawimbi: mstari ujae nje kama tumbo, halafu uingie ndani kama shingo ya mtungi. Ubao wa mvule ulikuwa mmoja tu. Ndugu yangu Kamau, aliyemaliza darasa la saba na hakutuacha tusahau, akachora kwanza kwenye katoni ya kufuatisha wakati wa kukata ubao. Tao la kwanza alilichora kwa msumari na kamba, zuri kabisa. La pili akarefusha kamba, akapigilia msumari pale macho yake yalipopenda. Akakata katoni.

Mimi nilikuwa nimeleta chai. Nikasema, "Hapo katikati pana goti."

Kamau akacheka. "Fundi wa githeri ameongea."

"Funga macho upitishe kidole."

Aliyefunga macho ni Baba. Kidole chake kikateleza, kikafika mahali matao yanapokutana, kikakwama. Akaniambia, "Haya, wewe unayejua, chora. Ukikosea, usikanyage hapa tena."

Nikachukua katoni nyingine. Nikachora tao la kwanza, nikaweka rula kutoka msumari wake mpaka pale lilipoishia, nikauendeleza mstari upande wa pili. Msumari wa pili lazima ukae juu ya mstari huo, kamba iwe ndefu, iwe fupi. Nani alinifundisha? Vumbi. Maduara mawili yakigusana bila kukatana, vijiti vya katikati na pale yanapogusana hukaa kwenye mstari mmoja.

Baba akafunga macho tena. Safari hii kidole hakikusimama popote. Hakunisifu. Alisema tu, "Kamau, mimina chai. Wambui, shika msumeno."

Leo nina karakana yangu mwenyewe, iko Ruiru. Vijana wa Kahawa Wendani wananijia na picha kwenye simu. "Shosho," wananiita, kama bibi yao, "si mashine inakata hiyo dakika mbili?" Inakata, sibishi. Lakini muulize kijana kwa nini tao limegeukia hapo na si pale, anarudi kuangalia simu.

Enzi zetu msichana alifukuzwa kwenye meza ya kazi. Sasa mlango nimeuacha wazi kwa msichana, kwa mvulana, kwa yeyote, na hakuna anayeingia. Hilo linaniuma kuliko mgongo. Wanangu wanasema nipumzike. Nitapumzika siku atakapotokea mtu wa kunitoa hapa kwa kazi iliyo safi kuliko yangu. Hajafika bado, na kesho asubuhi nafungua.