Mwenye Kuleta Huonja Kwanza

Dada yangu mkubwa alirudi Kolwezi na masanduku matatu, miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya nyumba, na chokoleti moja. Nasema moja kwa sababu niliiona ikitolewa: kibao chembamba, kimefungwa kwa karatasi ya dhahabu, akakiweka katikati ya meza yangu kwa vidole viwili. Miaka yote hiyo mtoto wake nimemlea mimi. Amekula bukari na sombe yangu, ugali na kisamvu, amevaa na kusoma kwa kalanga ninazouza sokoni Manika. Mama yake anakuja na suruali moja na kibao kimoja! Tena akakaa kwenye kiti changu, kile chenye mto, karibu na mlango. Mimi nikabaki na kiti cha plastiki tunachowapa wageni.

Hakuja kutusalimia. Alikuja kumchukua mtoto. Msichana alikuwa bado ananyonya alipoachwa kwangu, na sasa ni mrefu kunizidi, ana simu, na ana majibu. Makaratasi ya kwenda naye Ulaya yalikuwa tayari. Mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa pekee aliyebaki katika ukoo, hakutaka kuamua. Alisema mtoto ana akili zake, atasema mwenyewe siku ya Jumapili baada ya misa, mbele yetu wote, anakwenda au anabaki. Jumapili yenyewe ndiyo hiyo. Mjomba alikuwa amekaa, kofia juu ya goti, akiiangalia ile karatasi ya dhahabu kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Sikuwa na wasiwasi. Mtoto aliniita mama tangu alipojua kusema. Huyo dada yangu, mtoto alimwita "mama wa Bulaya", jina la mtu wa kwenye simu. Nawajua wale wanaopenda kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengi wao hawajakesha na mtoto mwenye malaria. Mimi nina msemo wangu: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

"Hii haiko chocolat ya ku boutique," dada yangu alianza, kwa sauti ya mwalimu. "Banaitengenezaka na mikono. Iko na pilipili ndani, iko na amande, iko na maganda ya machungwa."

"Maganda ya machungwa?" niliuliza. "Ile tunapatiaka mbuzi?"

Mjomba akakohoa. Dada yangu alijifanya hakusikia.

"Na kakao yenyewe inatokaka hapa kwetu, mu Congo."

"Kwetu wapi, yaya?" nilimuuliza, maana dada mkubwa hapa tunamwita yaya. "Mi niko hapa tangu nizaliwe, sijaona hata muti moja."

Najua vitu vya nchi hii vinavyoondoka. Malori ya madini yanapita mbele ya mlango wangu mchana kutwa, na vumbi lake ndilo ninalofagia kila asubuhi. Kitu kinatoka hapa bila jina, kinarudi na karatasi ya dhahabu, halafu mtu anakuja kutufundisha namna ya kukishika. Maana alitufundisha. Kwanza unaivunja karibu na sikio, usikie inavyolia. Halafu unainusa. Halafu unaiweka juu ya ulimi, unaiacha iyeyuke yenyewe, na pilipili itakuja mwisho, polepole.

"Musitafune," alisema. "Mukitafuna, munaiharibu."

Nimekula kwa meno yangu maisha yangu yote na hakuna chakula kilichonilalamikia.

Akafungua karatasi. Chokoleti ilikuwa nyeusi kweli, lakini juu yake ilikuwa na madoa meupe-meupe, kama ukuta wa bafu.

"Imeota ukungu," nilisema.

"Non, ni joto ya mu valise tu, mule mu sanduku. Ni mafuta yake inapanda juu. Haina kitu."

Hapo ndipo nilipomwona akilini bibi yetu, Mungu amrehemu. Alizaliwa Musumba, na alitulea sisi wawili kwa sheria chache asizorudia mara mbili. Moja ilikuwa hii: mwenye kuleta huonja kwanza. Ukimpa mtu munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi, unakunywa wewe kidogo mbele ya macho yake, ndipo unampa kikombe. Ukileta chakula, unamega, unakula, ndipo unasukuma sahani. Unaonja wewe mwenyewe, au mtu wa nyumba yako. Na kitu kikishaonjwa mbele yako, huna ruhusa ya kukikataa. Hiyo ni heshima ya kufanywa kimya-kimya. Ukifika mahali pa kumkumbusha mtu aonje, umemwambia usoni kwamba unamshuku kwa sumu. Nililijua hilo vizuri kabisa.

"Anza weye, yaya," nilisema.

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamechoka kuliko nilivyodhani, na sikumwonea huruma.

"Unasema nini?"

"Nasema anza weye. Ao kule Bulaya mulishasahabu namna bibi alitufundisha?"

"Mi nilete sumu? Nimupatie sumu mutoto wangu?"

Mutoto wangu. Nilikuwa nimemngoja afike hapo.

"Mutoto wako anapendaka kula nini?" nilimuuliza. "Akigonjwa, anaombaka nini? Sema, mujomba asikie."

Dada yangu alimtazama mjomba. Hakujua. Ni uji wa kalanga, wenye ndimu, na lazima uwe umepoa. Sikumsaidia.

"Inatosha sasa, ba mama," mjomba alisema.

"Sionji," alisema dada yangu. "Mi siko mulozi, siko muchawi. Sionji mbele ya mutu mwenye ananiita mulozi."

Nilifurahi. Sina haja ya kudanganya, nilifurahi hadi masikio yakawa moto. Chakula ambacho mwenye kukileta hakukionja kinarudi kilikotoka, na yeye pamoja nacho. Ningekifunga mimi mwenyewe kwa karatasi yake ya dhahabu na kumpelekea hadi kwenye teksi.

Msichana alikuwa amesimama karibu na pazia la chumba. Alikuwa amevaa ile suruali aliyoletewa na mama yake, ambayo nilikuwa nimemwambia asiivae. Akaja mezani bila kuitwa. Akachukua kile kibao, akavunja kipande, na sote tulisikia ule mlio, mkavu, kama dada yangu alivyoahidi. Akakiweka mdomoni. Hakutafuna. Alifunga macho akangoja, na sisi watu wazima watatu tukangoja naye. Mwishoni pilipili ilimkamata kidogo, akameza, akafungua mdomo na kututolea ulimi.

Hilo la ulimi nilimfundisha mimi. Alipokuwa mdogo nilikuwa namtuma kwa majirani na kikombe cha munkoyo, na nilimwambia: onja kwanza, halafu onyesha ulimi, waone umemeza kweli. Walimcheka, walimpenda. Alijua kila kitu, yule mtoto, kwa sababu sikuacha kitu bila kumfundisha.

Kwanza nilidhani ananilinda mimi. Ujinga gani! Nilidhani anaonja kwa ajili ya nyumba yangu, aone kama kitu cha mgeni ni kizuri, na karibu nimwambie asante. Halafu ile sheria ilijirudia kichwani, yote, hadi mwisho. Unaonja wewe mwenyewe, au mtu wa nyumba yako. Dada yangu alikataa kuonja, na mtu wa nyumba yake alikuwa ameonja kwa niaba yake.

Mjomba alielewa kabla yangu. Mtoto alimpa kipande, naye akakipokea, akakitafuna kwa nguvu bila kujali masomo ya mtu yeyote, akaitikia kwa kichwa.

"Mutoto amesema," alisema.

Hakuna aliyemuuliza msichana kitu kingine. Dada yangu alikuwa ameziba uso kwa viganja viwili, mabega yanapanda na kushuka. Msichana akavunja kipande cha tatu, akaja mbele yangu, akapiga goti kidogo, kama anavyofanya mbele ya watu waliotutembelea.

"Onja, mama mudogo," alisema. "Haina kitu."

Mama mudogo. Ndivyo kila mtu hapa anavyomwita mdogo wa mama yake, huwezi kusema amekosea. Kwangu mimi jina hilo hakuwahi kulitumia hata siku moja.

Nilitaka kukipiga kile kipande kiangukie mlangoni kwa kuku. Nilitaka kumwambia avue ile suruali. Lakini kilichoonjwa mbele yako hukikatai, na bibi angefufuka. Nilikuwa bado kwenye kiti cha plastiki. Nikapokea kwa mikono miwili, jinsi mgeni anavyopokea.

Nikatafuna, makusudi. Ilikuwa chungu kama mti wa dawa, halafu lozi, zile amande zake, zikavunjika, halafu lile ganda la chungwa likang'ang'ania kwenye meno. Nilidhani imeisha. Ndipo pilipili ikaja, mwisho, polepole, kama alivyosema, ikakaa kooni na haikuonyesha nia ya kuondoka.

Dada yangu aliondoa viganja usoni. Aliniuliza, kwa sauti ndogo ya zamani, kama iko tamu.

"Ambia mutoto wako aniletee mayi ya kunywa," nilisema.